Madirisha ya Mzee Machibya

Siku ya kukabidhiwa nyumba, Sajini mstaafu Odoyo Okomo aliambiwa asimame mbele kabisa ili picha zitoke vizuri. Aliyemwambia ni Gladness, afisa wa mradi, dada mwenye sauti ya upole aliyekuwa amevaa fulana nyeupe ya sherehe juu ya gauni lake. Kisha akamwomba akunje suruali kidogo, upande wa kulia.

"Kwa nini?" Odoyo aliuliza.

"Ili waone, afande." Gladness alitazama pembeni. "Watu waelewe nyumba hizi zinajengewa akina nani."

Odoyo akakunja suruali. Mguu wa bandia ukaonekana, na rangi yake haikufanana na ngozi ya mtu yeyote aliyekuwepo pale Kigongo. Hakuona aibu wala fahari. Tangu aliporudi kutoka Kongo, alikokuwa na kikosi cha kulinda amani, mambo mengi yalimpita hivyo. Aliyaona, aliyasikia kwa sikio moja lililobaki zima, yakaenda zake.

Mgeni rasmi alihutubia. Alisema serikali iliahidi na sasa inatekeleza, kwamba mtaa huu mpya ni mwanzo tu, na kwamba waliopigania nchi hawatazeekea kwenye vyumba vya kupanga. Watu walipiga makofi. Chini ya kilima daraja jipya lilikatiza ziwa kwenda Busisi, na malori yalipita juu yake yakionekana madogo kama ya kuchezea. Mshereheshaji alipoita jina lake, Odoyo alisogea, akapiga saluti, akapokea ufunguo uliofungwa utepe. Rebeka, mkewe, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Baadaye waliingizwa ndani ya nyumba. Kulikuwa na makochi, mapazia, jokofu lililokuwa linanguruma taratibu. Favour, binti yao aliyekuwa kidato cha pili, alifungua koki ya jikoni, maji yakatoka, akaifunga haraka kama mtu aliyekamatwa anaiba.

Magari ya wageni yalipokwisha kuondoka na vumbi likatulia, Gladness alimfuata Odoyo pale alipokuwa amekaa barazani.

"Samahani, afande. Naomba ufunguo."

Odoyo alimtazama.

"Huu ni wa nyumba ya mfano. Ya kwako ni ile kule, mstari wa tatu, ya mwisho. Bado kidogo tu ikamilike. Mkandarasi ameshatuahidi."

"Bado nini?"

"Madirisha. Milango. Sakafu. Maji na umeme." Gladness alihesabia vidole. "Ni umaliziaji tu."

Rebeka alikuwa amesikia. Alikuja na kitenge chake cha sherehe kikiburuzika chini. "Dada yangu, si mmempa mbele za watu? Kamera zote zile?"

"Ilikuwa ni ishara, mama. Kwa niaba ya wote."

"Ishara," Rebeka alirudia.

Odoyo alimpa Gladness ufunguo, pamoja na utepe wake. Akateremsha suruali yake, akasimama, wakaanza kushuka kilima. Njiani Rebeka alilia kwa hasira na Favour akamshika mkono. Odoyo alitembea mbele yao akiangalia mahali pa kukanyaga. Alijua kwamba alipaswa kusikia kitu fulani moyoni. Alikitafuta, hakukipata, akaacha kutafuta.

*

Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa Mama Jasmin, karibu na ilipokuwa inatia nanga feri zamani. Rebeka alikuwa na kibanda cha chakula pale, wali na samaki aina ya sato kwa wasafiri waliokuwa wanasubiri kuvuka. Daraja lilipofunguliwa, feri iliacha kazi na wasafiri wakawa wanapita juu bila kusimama. Rebeka naye alikuwa amelishangilia daraja kama wengine, akavuka siku ya kwanza kwa miguu na kurudi akicheka. Wiki iliyofuata sufuria zake zilikuwa zimejaa wali uliolala.

Walipofika nyumbani siku ile ya sherehe, Mama Jasmin alikuwa mlangoni na simu mkononi. Video ilikuwa imeshamfikia.

"Hongera, afande! Hongera, Mama Favour! Nimekuona unapiga saluti mpaka mwili ukanisisimka. Mungu amewakumbuka."

"Asante," Odoyo alisema.

"Mimi nami nimepata bahati yangu. Kuna mwalimu mpya wa sekondari anahangaika na vyumba, ana mke na watoto. Nimemwambia aje mwisho wa mwezi, kwa kuwa nyie mnahama."

Rebeka alimgeukia mumewe, akingoja aseme. Odoyo alimtazama Mama Jasmin, akaona uso wa mtu aliyefurahi kweli kwa ajili yao, na maneno yakawa mazito kuyainua.

"Sawa," alisema.

Ndani, Rebeka alifunga mlango kwa mgongo wake. "Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba wamekunyang'anya ufunguo!"

"Hawakuninyang'anya. Waliomba."

Rebeka alikaa kitandani. Simu ya Odoyo iliita. Alikuwa kaka yake, Oyoo, kutoka Shirati, naye alikuwa ameiona video. Alipiga kelele za furaha kwa Kijaluo, akauliza nyumba ina vyumba vingapi na kama watoto wake wawili wanaweza kuja kusomea huko. Odoyo alisema atampigia. Kesho yake Rebeka mwenyewe alimwendea Mama Jasmin akamweleza ukweli, lakini mwalimu alikuwa ameshaleta baadhi ya vyombo na vikawekwa stoo. Mama Jasmin aliomba radhi mpaka machozi yakamlengalenga, ila hakujua la kufanya, na Rebeka naye hakujua.

Wangeweza kurudi Shirati, lakini Favour alikuwa katikati ya mwaka wa shule. Wangeweza kutafuta chumba kingine, lakini mtaa mzima ulijua kwamba wamepewa nyumba, na kila waliyemuuliza alicheka akidhani wanatania.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, Odoyo alikuwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini.

"Tutahamia kwetu," alisema.

"Kwetu wapi?"

"Mstari wa tatu, ya mwisho."

*

Walipandisha vitu kilimani kwa guta la magurudumu matatu. Mlinzi wa eneo la ujenzi, kijana aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, alimtambua Odoyo tangu mbali.

"Jambo, afande."

"Jambo."

"Mmeruhusiwa?"

"Hii nyumba nilipewa mbele ya watu," Odoyo alisema. "Na wewe ulikuwepo."

Mlinzi alifikiri, akatazama kitanda, masufuria, begi la shule la Favour. Akasaidia kusukuma guta kwenye sehemu yenye kokoto.

Nyumba ilikuwa na paa zuri la bati la bluu na kuta zilizokwisha kupigwa lipu. Mahali pa madirisha palikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na kitu isipokuwa fremu. Ndani kulinuka saruji. Odoyo alipigilia turubai kwenye matundu ya upande wa ziwani, kwa kuwa upepo ulitoka huko, na kwenye mlango akaegemeza bati bovu lililoachwa na mafundi. Rebeka alifagia, akapanga mawe matatu nyuma ya nyumba, akawasha moto. Hakulalamika. Odoyo angependa alalamike, kwa sababu kimya chake kilifanana na cha kwake mwenyewe, na mmoja katika nyumba alitosha.

Gladness alikuja siku ya tatu. Mtu alikuwa amempigia simu. Alisimama mlangoni, mbele ya lile bati, akabisha hodi juu yake.

"Karibu," Rebeka alisema, akamletea kiti cha plastiki.

Gladness hakukaa. "Afande, hii ni kinyume cha utaratibu. Nyumba haijakaguliwa. Mkandarasi hajaikabidhi. Mtu akiumia hapa nitaulizwa mimi."

"Ni kweli," Odoyo alisema.

"Sasa?"

"Nipeleke pa kwenda, nitakwenda."

Alisema bila kumkejeli, kama mtu anayeuliza basi la Sengerema linasimama wapi. Gladness alitazama turubai likivimba na kunywea kwa upepo. Alimwona Favour akiandika kazi ya shule juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliondoka bila kusema atafanya nini, na hakuna aliyekuja kuwatoa.

Wiki moja baadaye, Rebeka alikuwa anapara samaki nyuma ya nyumba, redio ikiwa pembeni. Alimwita Odoyo kwa sauti aliyokuwa hajaisikia siku nyingi.

"Baba Favour! Njoo usikie! Njoo upesi!"

Mtangazaji alikuwa anasoma kwamba mradi wa nyumba za wastaafu wa jeshi Kigongo unaendelea vizuri, na kwamba familia za kwanza zimeshaanza kuhamia.

"Familia za kwanza ndiyo sisi," Rebeka alisema. Akaanza kucheka, kisu cha samaki kikiwa mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Odoyo alimtazama. Aliona kwamba kilikuwa kichekesho.

*

Kwa sababu ya tangazo hilo, Mzee Machibya alivuka daraja.

Alikuja na mkewe, Paskazia, kwenye pikapu ya kukodi kutoka upande wa Sengerema, na godoro, masanduku mawili ya bati, mbuzi mmoja na miche ya miembe kwenye makopo. Alikuwa mrefu, karibu na miaka sabini, na koti la kijani lililopauka mabegani. Alikuwa amepigana Vita vya Kagera akiwa mgambo wa miaka ishirini. Jina lake lilikuwa kwenye nyumba iliyopakana na ya Odoyo.

"Shikamoo, mzee," Odoyo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwenye video. Ile saluti yako ilikuwa safi."

Machibya aliizunguka nyumba yake. Paskazia alibaki kwenye pikapu, akiwa ameshika kamba ya mbuzi, akitazama yale matundu ya madirisha.

"Mzee," Odoyo alisema, "rudini kwanza. Hizi nyumba haziko tayari. Redio imewadanganya."

"Wewe mbona uko ndani?"

Odoyo aligeuka akaitazama nyumba yake. Machibya alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akaanza kushusha godoro.

Alikuwa mtu wa maneno mengi. Walipokuwa wanaziba madirisha yake kwa mabanzi, alimweleza Odoyo maisha yake yote, akikaa upande wa sikio zima bila kuambiwa, kwa kuwa aliligundua mara moja. Alirudi kutoka Uganda kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Shamba la baba yake alilikuta limegawanywa, na ndugu zake walidhani amekufa. Akaishi kwa mjomba, akaishi kwenye kambi za wachimbaji, akavua huko Nansio kwenye mitumbwi ya watu, na miaka ya mwisho yeye na Paskazia walikuwa kwa mkwe wao.

"Mkwe ni mtu mwema," alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Hajawahi kunisema. Lakini ukikohoa kwenye nyumba ya mkwe unakohoa kwa kipimo. Mimi nataka mlango wa kufunga mwenyewe kwa ndani. Tena nikitaka, nisimfungulie mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe nitakufikiria."

Paskazia, aliyekuwa anapepeta mchele hapo karibu, aliguna. "Mlango wenyewe hauna."

"Utakuja," Machibya alisema.

Kila asubuhi alipita kwa Odoyo. "Umeamkaje?" Odoyo alijibu salama. "Sikuulizi hivyo. Nauliza umeamkaje." Odoyo alirudia salama, na mzee alitikisa kichwa, akaenda kumwagilia miembe yake. Siku moja tu alisema zaidi. Walikuwa wamekaa kwenye matofali wakitazama daraja.

"Nilipotoka vitani sikulia miaka mingi," alisema. "Mama yangu alikufa, sikulia. Watu wakaniogopa. Paskazia ndiye hakuogopa, ndiyo maana nilimwoa."

"Ukaja kulia lini?"

"Ng'ombe wa jirani alivunjika mguu. Hata hakuwa wangu." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nikalia kama mtoto mchanga, watu wakanishangaa."

Odoyo alisubiri kuona kama maneno hayo yatafika mahali ndani yake. Yalikaa juu juu, kama mkono wa mtu juu ya mguu ulioingia ganzi. Lakini aliyakumbuka.

*

Mvua zilianza mapema na zilikuja kutoka ziwani, zikiwa zimelala ubavu. Mabanzi ya Machibya yalikuwa na nafasi katikati. Maji yaliingia, yakatuama kwenye sakafu isiyosawazishwa, na mzee na mkewe walilala na godoro juu ya masanduku. Rebeka aliwaita wahamie kwao, ambako turubai lilizuia kidogo. Paskazia alikuja usiku mmoja, akarudi, kwa kuwa mumewe alikataa kutoka.

"Nikitoka watampa mwingine," Machibya alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu na alikohoa akiwa ameshika ubavu. "Nawajua. Ukiinuka tu kwenye kiti, kuna mtu."

"Hakuna atakayekaa hapa, mzee," Odoyo alisema. "Ni maji matupu."

"Wewe ulikaa."

Asubuhi Odoyo alipanda basi kwenda mjini Mwanza, kwenye ofisi ya mradi. Gladness alikuwa na watu mezani. Alipomwona, aliwaomba wangoje.

"Mzee Machibya anaumwa," Odoyo alisema. "Anahitaji madirisha. Mimi nisiwekewe, awekewe yeye."

"Afande, madirisha yapo stoo, nimeyaona kwa macho yangu. Mkandarasi hawezi kuyafunga mpaka hatua iliyopita ikaguliwe, na mkaguzi yuko safari. Siyo kwamba sitaki."

"Najua."

"Basi naomba unielewe."

"Nimekuelewa," Odoyo alisema, akabaki amesimama.

Hakupandisha sauti. Hakujua la kufanya zaidi ya kusimama, kwa hiyo alisimama, mgongo umenyooka kama wa mtu aliye zamu, na watu waliokuja na shida zao walimzunguka. Saa za kula zilipita. Gladness alikuwa akiinua macho na kuyashusha. Mwishowe alitoka nje na simu, na kupitia dirishani Odoyo alimwona akiongea, mkono mmoja ukipunga hewani, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali ambao hakuutegemea kwake. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Jumanne," alisema. "Nimesaini mimi. Yakileta neno, neno langu."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Kaa basi unywe hata chai."

Hakukaa. Wakati huohuo Rebeka alipiga simu. Mzee alikuwa ameshindwa kusimama, na walikuwa wamempeleka hospitali kwa bajaji, Rebeka na Paskazia wakimshikilia katikati.

Odoyo aliwakuta wodini. Daktari alisema ni homa ya mapafu na kwamba wamechelewa, lakini watajaribu. Machibya alikuwa na mrija wa oksijeni puani. Alimtambua.

"Nyumba umemwachia nani?" aliuliza.

"Favour yuko."

"Akae mlangoni."

"Amekaa mlangoni, mzee."

Machibya alifumba macho. Alikufa Jumapili, wakati watu wanatoka kanisani, Paskazia akiwa ameenda kuchota maji ya kunywa. Odoyo ndiye aliyekuwepo. Aliona pumzi moja ikitoka, akasubiri ya pili. Kisha akamwita muuguzi. Kisha akatoka kwenye korido kumngoja Paskazia, na alipomwona akija na chupa ya maji, alinyoosha mkono akaipokea, na Paskazia akajua.

*

Paskazia alitaka mumewe azikwe nyumbani kwake, pale kwenye miembe yake. Gladness alisema kwa unyonge kwamba kwenye mtaa wa mradi hairuhusiwi kuzika. Iliamuliwa azikwe kijijini kwa mkwe, ng'ambo, lakini msiba ukae kwanza kwenye nyumba yake mwenyewe. Hilo Paskazia hakutaka kubishiwa.

Watu walikuja wengi. Wastaafu wengine waliokuwa wanangoja nyumba zao walikuja na nishani vifuani, wakakaa chini ya maturubai ya kukodi. Rebeka alitoa sufuria zake zote za kibandani, akapika kwa ajili ya watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu feri isimame zilijaa na kuisha. Jumanne, jeneza likiwa sebuleni na wanawake wakiimba, lori liliingia likasimama. Mafundi waliteremka na fremu za alumini na vioo. Walipoona msiba, walisimama wakitazamana. Msimamizi wao alivua kofia, akamfuata Odoyo kumnong'oneza kwamba watarudi siku nyingine.

Paskazia alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza. Aliwaona kupitia tundu la dirisha.

"Ni yale madirisha?" aliuliza.

Odoyo alisogea karibu na mkeka.

"Ndiyo, mama," Odoyo alisema.

"Wekeni."

"Mama, tunaweza kungoja..."

"Nimesema wekeni. Yeye yumo ndani. Akitoka, atoke yakiwepo."

Wakayaweka. Mafundi walifanya kazi wakiwa wameinamisha vichwa, wakigonga taratibu, wakiomba samahani kwa wanawake kila waliposogea. Wimbo uliendelea, ukipungua na kupanda. Odoyo aliwashikia fremu. Alibeba vioo kutoka kwenye lori kimoja kimoja, akikanyaga kwa uangalifu kwenye tope, na mguu wake ulimuuma pale ulipoungana na ule wa bandia, na hakupumzika. Dirisha la mwisho lilipofungwa, upepo wa ziwani ulikatika ndani ya chumba, na moshi wa ubani uliokuwa unatawanyika ukasimama wima juu ya jeneza. Paskazia aliutazama. Akavuta khanga yake usoni.

Saa nane walimtoa. Msafara ulivuka daraja kwa dakika chache tu. Ndani ya gari, Rebeka alisema kwamba zamani wangengoja feri na maiti juani, pengine mpaka jioni, na kwamba Mungu asifiwe kwa hilo. Odoyo alisema ni kweli.

*

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Pengine ni kwa sababu ya msiba, pengine mkaguzi alirudi tu kutoka safari. Mafundi walipita nyumba kwa nyumba, madirisha, kisha milango, kisha sakafu. Maji yalikuja kabla ya Pasaka na umeme baada yake. Familia zilihamia, za kweli, zenye kuku na magodoro na kelele za watoto. Rebeka alianza kupika tena, barazani, kwa ajili ya mafundi kwanza na majirani baadaye. Watoto wa Oyoo walikuja kutoka Shirati na kujaza chumba cha nyuma.

Kuhusu nyumba ya Machibya kulikuwa na maneno. Mtu ofisini alisema imetolewa kwa mpiganaji na mpiganaji hayupo. Gladness alikuja mwenyewe kumweleza Paskazia kwamba maneno hayo yamekwisha. Hakueleza ameyamaliza vipi. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki muda mrefu, akanywa chai, akasema kuna sherehe nyingine inaandaliwa, na wakubwa wamemwomba afande Odoyo aje asimame mbele.

"Waambie siwezi," Odoyo alisema.

"Niwaambie sababu gani?"

"Mguu."

Gladness aliinamisha kichwa. "Nitawaambia mguu," alisema.

Siku ya sherehe hiyo, muziki ulisikika kutoka upande wa pili wa kilima. Paskazia alikuja kwa Rebeka jioni, akakaa, akazungumza habari za mbuzi na za mkwe, mpaka mwishowe akasema alichokijia. Nyumba ilikuwa kubwa. Alikuwa hajawahi kulala peke yake katika nyumba tangu azaliwe, na akifunga ule mlango kwa ndani anasikia kama amemfungia mtu nje. Je, Favour angeweza kuwa analala kwake?

"Favour, chukua shuka zako," Rebeka alisema papo hapo.

Odoyo alibeba godoro. Alilivusha hadi nyumba ya pili, akipita kando ya miembe iliyokuwa imefika magotini, akaliweka kwenye chumba ambacho Paskazia alikuwa amekifagia tayari. Chumba kilikuwa kimya na chenye joto. Favour alitandika shuka. Paskazia alisimama mlangoni akamwuliza mtoto anapenda taa iwashwe au izimwe, na Favour akasema vyovyote bibi, na Paskazia akasema hapana, sema unavyopenda wewe.

Odoyo alitoka. Katikati ya nyumba hizo mbili alikaa chini kwenye mchanga uliobaki wa ujenzi. Alijaribu kuinuka, akashindwa.

Rebeka alikuja akikimbia, mikono imejaa unga. "Baba Favour! Umeanguka?"

"Hapana."

"Ni nini?"

Alifikiri. Alitaka kusema hakuna kitu, kama alivyozoea, lakini neno hilo halikuja.

"Nimechoka," alisema. "Nimechoka sana, Mama Favour."

Tangu Kongo, Rebeka hakuwa amemsikia akisema neno lolote kuhusu yeye mwenyewe, ila salama na sawa. Alikaa naye chini kwenye mchanga, unga ukiwa unamkaukia mikononi, akakaa mpaka mumewe alipotaka kuinuka. Kisha akamsaidia kufungua mikanda ya mguu wa bandia, akauchukua chini ya kwapa, na wakaingia ndani akiwa amemwegemea.